Mavi ya Ndege na Mfuko wa DAP

Leo naomba tuzungumzie mavi ya ndege. Umesoma vizuri, sijakosea kuandika. Kama uko mezani unakula, malizia kwanza sahani yako halafu urudi, maana stori yenyewe inahusu hicho hicho unachokula.

Tuanzie hapa Mbweni ninapoishi. Ukitoka Tegeta kuja huku kwetu, kitu cha kwanza kinachokupokea ni vumbi na malori. Malori yanatoka Wazo, kwenye kiwanda cha saruji kilichoanza kuzalisha mwaka 1966. Kile kilima wanachokikwangua kila siku ni chokaa ya matumbawe, yaani mabaki ya viumbe wa bahari waliokufa zamani sana, wakati bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo sasa. Kwa hiyo mjini hapa tunaishi ndani ya nyumba zilizojengwa kwa mifupa ya bahari na wala hatujali. Tunalipa kodi basi.

Mama mwenye nyumba wangu ana bustani ya mchicha na matembele nyuma ya nyumba, na ana kuku. Kila mwezi anasafisha banda, anaweka ile mbolea kwenye viroba, inakaa mpaka ipoe, halafu inaingia kwenye matuta. Siku moja nilimkuta akimgombeza kijana aliyemwaga mbolea mbichi kwenye mchicha.

"Unauunguza mchicha wangu! Mbolea ya kuku ni kali, ina haraka zake. Iache kwanza itulie."

Nikamwambia, "Mama, kumbe na wewe ni mtaalamu."

"Utaalamu gani, mwanangu? Kinyesi cha ndege kina nguvu, hata bibi yako alijua."

Alikuwa sahihi kuliko alivyodhani. Kule kaskazini mwa nchi yetu, kati ya Ziwa Manyara na hifadhi ya Tarangire, kuna kilima ambacho zamani kilikuwa kisiwa. Ziwa lilikuwa limejaa kupita lilivyo leo, na juu ya kisiwa hicho waliishi minandi, wale ndege weusi wenye shingo ndefu wanaozama majini kuvua samaki. Walikula samaki, wakatotoa, wakanya, wakafa hapo hapo. Wajukuu zao wakafanya vivyo hivyo, kwa maelfu ya miaka. Mavi, mifupa ya ndege na mifupa ya samaki vikarundikana, vikashindiliwa, vikawa mwamba. Wanasayansi wamefukua mabaki ya ndege hao, na mwaka 1991 mnandi mmoja wa kale wa pale akapewa jina la kitaalamu, Phalacrocorax kuehneanus. Kilima chenyewe kinaitwa Minjingu. Kiko wilaya ya Babati, mkoa wa Manyara, pembeni ya barabara itokayo Arusha.

Ule mwamba ndio unaoitwa fosfeti. Ndani yake mna fosforasi, na bila fosforasi hakuna kitu kinaota. Shuleni tulikariri "N, P, K" tukafaulu mtihani tukasahau. Hiyo P ndiyo inayoupa mmea mizizi, ndiyo inayosafirisha nguvu ndani ya chembe hai, na ndiyo iliyomo kwenye mifupa yako wewe unayesoma hapa. Naitrojeni unaweza kuivuta kutoka hewani kwa mitambo ukatengeneza urea. Fosforasi haivutwi hewani. Lazima mtu aende mahali fulani duniani akachimbe jiwe.

Na mahali penyewe si pengi. Zaidi ya nusu ya akiba yote inayojulikana duniani iko Moroko na Sahara Magharibi. Iliyobaki imegawanyika kwa wachache, China, Urusi, Marekani na wengineo. Kisiwa cha Nauru kule Pasifiki kilichimbwa tangu mwaka 1907. Kilipopata uhuru mwaka 1968 wananchi wake waligeuka matajiri kwa muda, wakala bata, halafu jiwe likaisha na wakabaki na kisiwa kilichojaa mashimo.

Lakini mahali paliponinyima usingizi ni Urusi. Juu kabisa kaskazini, ndani ya duara la Aktiki, kuna milima inaitwa Khibiny. Katikati ya baridi jua halichomozi kwa wiki kadhaa. Miaka ya 1920 mwanasayansi aitwaye Alexander Fersman alipita huko na wenzake, wakakuta milima imejaa madini ya apataiti, ambayo ndiyo fosfeti. Mwaka 1929 uchimbaji ukaanza, mji ukajengwa, na mwaka 1934 ukapewa jina la Kirovsk. Sasa nani aende kuchimba kwenye theluji, gizani? Serikali ya Stalin ilipata jibu rahisi. Ilikuwa inawanyang'anya wakulima mashamba yao, ikiwaita makulaki, maadui wa taifa. Maelfu yao wakapakiwa kwenye treni na familia zao, wakashushwa kule milimani, wengi wakaanza maisha kwenye mahema. Desemba 1935 theluji iliporomoka kutoka mlimani ikaangukia nyumba, ikaua watu zaidi ya 80.

Rudia kusoma hapo taratibu. Mkulima anang'olewa shambani kwake, anapelekwa mwisho wa dunia kuchimba mbolea ya kwenda kwenye shamba ambalo si lake tena. Milima ile inachimbwa mpaka leo, na mbolea inayotoka huko inauzwa dunia nzima.

Utaniuliza, wewe kijana wa Mbweni, theluji ya Urusi inakuhusu nini?

Inanihusu kwa sababu ya baba yangu. Baba ni mwalimu mstaafu, yuko Mbinga, analima mahindi kwenye ngoro. Kwa wasiojua, ngoro ni yale mashimo ya Wamatengo. Unakata nyasi, unazilaza mraba mraba, unazifukia kwa udongo, katikati panabaki shimo linalokamata maji yasiteremke na rutuba bondeni. Wamatengo wamelima milima mikali namna hiyo kwa zaidi ya miaka 100 bila kuimaliza. Lakini hata ngoro ina kikomo. Kila gunia la mahindi linaloshuka mlimani kuja mjini linaondoka na fosforasi yake. Sisi tunakula ugali, tunaenda chooni, na ile fosforasi inaishia kwenye shimo la choo Sinza au inateremka na mto kwenda baharini. Hairudi Mbinga. Kwa lugha nyepesi, mjini tunaila milima ya wazee wetu kidogo kidogo, na mfuko wa DAP ndiyo fidia.

Mwaka 2021 bei ya mbolea duniani ilianza kupanda. China ikabana mauzo yake ya nje ili wakulima wake wasikose. Februari 2022 vita ya Urusi na Ukraine ikaanza. Mfuko wa kilo 50 wa DAP hapa kwetu ukavuka shilingi 100,000. Msimu huo baba, ambaye alikuwa akinunua mifuko mitatu, alinunua mmoja. Akaugawa kwa kijiko kama anayegawa dawa. Mahindi yalipofika magotini majani yakaanza kuwa na rangi ya zambarau pembeni. Ukiona hivyo, ujue mmea una njaa ya fosforasi. Alinitumia picha, nikadhani ni ugonjwa.

Nikampigia. "Shikamoo baba."

"Marahaba. Umeona picha?"

"Nimeona. Ni wadudu?"

"Si wadudu. Ni njaa. Sasa nikuulize wewe mwandishi wa habari. Miaka ile nafundisha jiografia, kitabu kilisema tuna fosfeti Minjingu. Watoto wamechora ramani mpaka wamechoka. Hayo mawe yamekwenda wapi, hata mimi nasubiri meli?"

Sikuwa na jibu. Nikapeleka wazo kwa mhariri mmoja. Akaniangalia kwa huruma, akasema habari ya mawe haiuzi gazeti, nimtafutie msanii aliyeachana na mkewe. Sawa, bosi. Nikaamua kulitafuta jibu kwa muda wangu mwenyewe, na nililopata ndilo hili.

Mawe ya Minjingu yaligunduliwa mwaka 1956, na waliokuwa wakiyatafuta walikuwa hawatafuti mbolea. Enzi hizo kila mkoloni alitaka urani. Ndege ikapita angani na kipimo cha mionzi, kipimo kikalia juu ya kilima kile, watu wakashuka mbio. Wakakuta mavi ya ndege yenye urani kidogo ndani yake. (Ile mionzi bado ipo. Wanasayansi wetu wameipima na kuandika kuwa pale mgodini iko juu kuliko kawaida, kwa hiyo mfanyakazi anayevuta lile vumbi kila siku anastahili kulindwa na kupimwa.)

Mwaka 1972 tukafungua kiwanda cha mbolea Tanga, na utotoni mwa wazazi wetu kilikuwa fahari ya taifa. Tatizo ni kwamba karibu kila kilichoingia mle kililetwa na meli: salfa, amonia, hata mawe yenyewe ya fosfeti. Mawe yetu yalikuwa yamelala Manyara. Mgodi wa Minjingu ulianza kazi mwaka 1983, chini ya shirika la umma la madini, STAMICO, kwa msaada wa Wafini. Hesabu mwenyewe: kutoka kugundua mpaka kuchimba ni miaka 27. Na kiwanda cha Tanga kikafungwa mwaka 1991. Yaani jiwe letu na kiwanda chetu viliishi pamoja miaka minane tu. Kaazi kweli kweli.

Mgodi ukabaki bila mteja wake mkubwa. Mwaka 2001 ukabinafsishwa, na mwenye mgodi mpya akaanza kuuza jiwe lenyewe, likiwa limesagwa, moja kwa moja kwa wakulima. Hapa ndipo ugomvi ulipoanza, na nataka tuelewane vizuri, kwa sababu kila upande una hoja yake.

Jiwe la fosfeti haliyeyuki hivi hivi kwenye maji. Kiwandani wanalimwagia asidi ya salfa kwanza, wanapata asidi ya fosforiki, halafu wanachanganya na amonia, ndiyo inakuwa DAP. Ukiiweka DAP shambani, mvua ya kwanza tu mmea umeshakula. Jiwe lililosagwa linahitaji asidi ya udongo wenyewe ndiyo iliyeyushe, taratibu. Kama udongo wako ni mchachu, yaani una asidi, jiwe linafanya kazi, tena linaendelea kutoa chakula msimu wa pili na wa tatu. Linaleta na kalisi inayopunguza uchachu. Kama udongo wako una magadi, jiwe linakaa tu pale kama mgeni asiyekaribishwa.

Kwa hiyo udongo wa jirani na Ziwa Manyara, wenye magadi, haufaidiki sana na jiwe la mlangoni kwake, wakati udongo wa mbali wenye asidi unalihitaji. Kinyozi hajinyoi. Watafiti wa SUA pale Morogoro wamelijaribu jiwe hili miaka mingi. Magharibi mwa Kenya, kuanzia miaka ya 1990, watafiti wa ICRAF na wenzao wa Kenya walilipeleka kwenye mashamba ya wakulima wadogo, wakalichanganya na majani ya alizeti pori inayoota ovyo kando ya njia, na mahindi yakaitika. Yaani Mkenya amefaidi mavi ya minandi wetu kwa akili, na heko kwake.

Hapa kwetu likaja suala la vocha. Kuanzia msimu wa 2008/09 serikali iligawa vocha za ruzuku, na mkulima aliweza kuchukua mfuko mmoja wa DAP au miwili ya Minjingu. Vocha ni vocha, haikuuliza udongo wako ukoje. Mkulima aliyezoea chembe za DAP zinazoyeyuka akapewa unga wa kijivu, mahindi ya jirani yakapaa, ya kwake yakasuasua. Malalamiko yakasikika kila kona, wengine wakisema wameuziwa udongo, na yakafika mpaka bungeni. Jiwe likapata jina baya. Baadaye zikatengenezwa aina nyingine zilizoongezewa naitrojeni na virutubisho vingine na kufanywa chembechembe, lakini jina baya ni kama harufu ya samaki, huoshi mara moja likatoka.

Mimi simlaumu mkulima hata kidogo. Mkulima halimi "kwa muda mrefu". Analima msimu huu, ada ya mtoto ni Januari hii. Ukimwambia mbolea itaonekana vizuri mwaka wa tatu, ni sawa na kumwambia mfanyakazi kuwa mshahara wa mwezi huu utaingia akistaafu.

Wala simlaumu anayelitetea jiwe. Mwaka 2008, tani moja ya mawe ya fosfeti kwenye soko la dunia ilipanda kutoka kama dola 50 mpaka zaidi ya dola 400 ndani ya muda mfupi. Mwaka 2022 tukaonjeshwa tena. Agosti mwaka huo serikali ilitangaza ruzuku, mfuko wa DAP ukashushwa mpaka 70,000 kwa mkulima aliyejiandikisha. Baba alijiandikisha, akapata, akashukuru. Lakini ruzuku ni pesa, na pesa ile inavuka bahari kwenda kununua jiwe la watu wengine. Ikitokea vita nyingine, tutatangaza ruzuku nyingine, mpaka lini?

Niliwahi kupita Minjingu nikiwa safarini kwenda Babati. Abiria wenzangu wote walikuwa wanaangalia upande wa Tarangire, wakivizia tembo. Upande wa pili kilima kilikuwa kimekaa tu, kimechubuliwa ubavuni, weupe wake unang'aa juani. Ng'ombe wa Kimaasai walikuwa wanavuka barabara. Dereva alipiga honi, tukaendelea. Hakuna aliyegeuza shingo.

Turudi kwa swali la mzee. Mawe yapo, hayajaenda popote. Tulichokosa muda wote ni vile vinavyolizunguka jiwe. Asidi ya salfa tulikuwa tunaagiza salfa yake. Amonia inatengenezwa kwa gesi asilia, na gesi ya Songosongo tumeigundua mwaka 1974. Mradi wa kuitengenezea amonia pale Kilwa ulipangwa miaka ya 1980 ukafia njiani. Gesi yenyewe ilifika Dar mwaka 2004, na leo inachoma saruji pale Wazo, kilometa chache kutoka kitandani kwangu. Sasa kiwanda cha mbolea cha Itracom, cha wawekezaji kutoka Burundi, kimejengwa Nala, Dodoma. Waganda nao wana mawe yao Sukulu, Tororo. Walikuwa na kiwanda kikafa enzi za vurugu, na mwaka 2018 wakafungua kingine na Wachina. Kwa hiyo Afrika Mashariki hatujakosa jiwe, wala gesi, wala wakulima. Tunachokosa ni kuvikutanisha kwa wakati mmoja. Jiwe la 1956, kiwanda cha 1972, mgodi wa 1983, gesi ya 2004. Kila kimoja kilifika kwenye kituo wakati daladala la mwenzake limeshaondoka.

Na kuna kitu cha nne, ambacho hakihitaji mwekezaji. Kupima udongo. Kituo cha utafiti wa udongo tunacho, Mlingano, Tanga. SUA wapo. Uyole wapo. Nilipomwambia baba kuwa unga ule ule uliodharauliwa unaweza kuufaa udongo wenye asidi, kama huo ulio mwingi nyanda za juu kusini, alinyamaza kidogo kwenye simu, halafu akauliza swali ambalo waandishi tulipaswa kuuliza tangu siku ya kwanza ya vocha: "Wa kwangu una asidi kiasi gani?" Amelima miaka 40. Hakuna mtu aliyewahi kumpimia.

Tumepeleka mfuko mdogo wa udongo wake kupimwa, kutoka sehemu nne za shamba, na majibu tunasubiri. Yakisema jiwe linafaa, atajaribu robo ekari tu, zilizobaki ataweka DAP kama kawaida. Yeye ni mwalimu, anajua maana ya jaribio.

Sasa zamu yako. Wewe uliyesomeshwa kwa mahindi, kahawa au mpunga wa wazazi, unafanya kazi Posta au Mikocheni na unachangia harusi kila mwezi: unajua udongo wa shamba lililokusomesha ukoje? Mchachu au una magadi? Kama hujui, wikiendi hii piga simu nyumbani. Ukisafiri, chukua kijiko, chota udongo sehemu tatu nne, tia kwenye mfuko, peleka ukapimwe. Ni kazi ndogo kuliko kusubiri meli.